Maji ya Ghafla na Hesabu ya Nyumba

Kata ya Kasulo iko wilayani Ngara, katika mkoa wa Kagera, kwenye njia kuu itokayo daraja la Rusumo na kuelekea Nyakahura na Biharamulo. Ni nchi ya vilima vifuatanavyo kama migongo ya ng'ombe waliolala, na mabonde yake hupeleka maji yote upande wa mto Kagera. Karibu na Rusumo mto Ruvubu utokao Burundi hukutana na mto utokao Rwanda, na kutoka hapo maji hayo hushuka maporomoko kwa kishindo, kisha hushika safari ndefu mpaka ziwa la Viktoria. Wakati wa masika maji huwa mekundu, kwa kuwa yamebeba udongo wa mashamba ya nchi mbili. Mkulima aliyelima udongo ule hajui umekwenda wapi, na mvuvi wa ziwani aupokeaye hajui ulikuwa wa nani.

Katika mwezi wa Aprili na Mei wa mwaka 1994 mto huu ulibeba kitu kingine. Watu waliouawa Rwanda walitupwa majini, wakapita chini ya daraja la Rusumo, wakashuka maporomoko, wakaenda hadi ziwani. Wavuvi na wanavijiji wa Uganda waliwatoa majini na kuwazika katika makaburi ya Kasensero, Lambu na Ggolo, zaidi ya watu 10,000 kwa jumla, bila kujua jina la hata mmoja. Tarehe 28 na 29 Aprili ya mwaka ule ule, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile kwa muda wa siku moja, wakapiga kambi Kasulo, mahali paitwapo Benaco, jina lililoachwa na kampuni iliyojenga barabara. Wale waliokuwa majini hawakuuawa na maji; waliuawa na wanadamu, wala haifai mambo hayo mawili kuchanganywa. Lakini Kasulo ilijifunza wakati ule jambo ambalo nchi nyingine zimekuja kulijua kwa mafuriko: kwamba maji yakisha kumchukua mtu, jamaa zake hupoteza vitu viwili. Kwanza humpoteza yeye, kisha hupoteza kaburi lake.

Jambo hilo la pili halimo katika hesabu za serikali yo yote. Na historia ya mafuriko katika Afrika ya Mashariki, kwa kadiri ilivyoandikwa, imekuwa historia ya hesabu za serikali: watu kadha wamekufa, nyumba kadha zimebomoka, ekari kadha zimeharibika, daraja fulani limekatika. Hesabu hizo ni za lazima, maana pasipo hizo haupelekwi unga wala blanketi. Hata hivyo, mtu haishi peke yake kama nambari katika daftari. Huishi katika nyumba, na nyumba huhesabu kwa namna nyingine kabisa.

Yafaa kwanza kutenga mafuriko ya polepole na mafuriko ya ghafla, kwa kuwa lugha yatumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana. Watu wa bonde la Rufiji wamekaa na mafuriko ya polepole kwa karne nyingi. Mto ukifurika huacha tope jipya lenye rutuba, na maji yakipungua watu hupanda mazao ya mlau. Mashambani walijenga madungu, yaani vibanda virefu juu ya nguzo, na mtu aliweza kulala juu huku maji yakipita chini. Kwa watu hao mwaka usio na mafuriko ulikuwa mwaka wa kuhofiwa. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vilivyo juu. Wakaenda, lakini mashamba hayakuweza kwenda nao, nao wakaendelea kushuka bondeni kulima. Anayetazama mto kwa jicho la mhandisi huona hatari tu, na anayeutazama kwa jicho la mkulima huona chakula, na wote wawili huona sawa.

Hata mvua kuu zilizonyesha mwishoni mwa mwaka 1961, Tanganyika ilipokuwa ikipata Uhuru wake, madhara yake mengi yalikuwa ya namna hiyo ya taratibu. Mwaka ule ulianza kwa ukame na njaa, ukaisha kwa gharika. Ziwa la Viktoria lilipanda zaidi ya meta 2 baina ya mwaka 1961 na 1964, likafunika gati na nyumba na mashamba ya pwani zake. Hasara ilikuwa kubwa, lakini ziwa lilipanda kwa miezi, na mtu aliona maji yakikaribia mlango wake siku kwa siku. Aliweza kubeba watoto, mbuzi, sufuria na mlango wenyewe, akahamia juu. Katika mafuriko ya polepole jamaa hupoteza shamba. Katika mafuriko ya ghafla shamba huweza kubaki, na jamaa ndiyo ipoteayo.

Mafuriko ya ghafla yana desturi zake. Hupenda milima na makorongo. Aghalabu huja usiku au alfajiri, wakati watu wote wa nyumba wamo ndani, na hili ndilo lifanyalo msiba wake uwe msiba wa nyumba nzima. Ajali ya barabarani humkuta baba safarini, na mama na watoto wamebaki nyumbani; vita huweza kuchukua vijana na kuwaacha wazee. Poromoko la usiku huwakuta babu na mjukuu katika chumba kimoja. Mwezi wa Novemba 2009, katika kijiji cha Goha, kata ya Mamba Miamba, wilayani Same, mvua ilinyesha kwa nguvu juu ya milima ya Upare, na kilima kikaporomoka juu ya nyumba usiku. Walikufa watu zaidi ya 20. Idadi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na misiba mingine itakayotajwa, lakini katika kitongoji kimoja cha mlimani watu 20 huweza kuwa ukoo.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 katika kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo iliua watu 42. Hapo hapakuwa na mlima wala korongo. Kilichoua ni kuta. Nyumba zilikuwa za udongo, na kuta zilipolowa ziliwaangukia waliolala. Huu ni msiba wa mvua zaidi kuliko wa mafuriko, lakini umetajwa kwa sababu unaonyesha kwamba maji hayahitaji mto ili yaue jamaa; yatosha nyumba iwe ya tope na watu wawe wamelala.

Msiba mkubwa kuliko yote ya namna hii katika Tanzania ya miaka hii ni ule wa Hanang. Mlima Hanang, wenye urefu wa meta zaidi ya 3,400, umesimama peke yake katika uwanda wa mkoa wa Manyara, na chini yake upo mji wa Katesh. Nchi hii ni ya Wabarbaig na Wairaqw na watu wengine waliokuja kwa kilimo, biashara na kazi za serikali. Mwaka 2023 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua za vuli zingezidi kiasi kwa sababu ya El Nino, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini tangazo la namna hiyo ni la nchi nzima na la miezi mitatu. Halimwambii mtu wa Gendabi wala wa Jorodom ni alfajiri ipi na ni korongo lipi.

Ilikuwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023. Sehemu ya mlima iliyokuwa na miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji ya mvua mpaka ikalemewa; ikakatika, ikageuka tope, na tope likashuka na mawe makubwa na magogo ya miti iliyong'olewa. Wapo waliodhani kwamba mlima umelipuka, kwa kuwa Hanang ni mlima uliotokana na volkano. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa sivyo. Tope lilipita katika vijiji na kuingia Katesh penyewe, likajaza maduka na nyumba. Anayesikia neno mafuriko hufikiri maji, na katika maji mtu huweza kuelea au kushika tawi. Tope lile lilikuwa zito kama saruji mbichi. Hakuna aogeleaye katika saruji.

Siku ile ile hesabu ya waliokufa ilianza na watu 20 hivi, kisha ikawa 47. Siku zilizofuata ikapita 60, ikapita 70, ikapita 80, ikasimama 89. Majeruhi walikuwa zaidi ya 130. Jumatatu tarehe 4 Desemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza shughuli ya kuwaaga marehemu, na Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai katika mkutano wa dunia juu ya tabianchi, alikatiza safari yake, akafika Hanang siku chache baadaye. Askari wa Jeshi walichimbua tope kwa mitambo na kwa majembe. Serikali ilichukua gharama za mazishi na matibabu.

Kupanda kwa hesabu ile kutoka 20 hata 89 kwaweza kusomwa katika mstari mmoja. Kwa jamaa zilikuwa siku za kungoja. Kila mwili uliotolewa katika tope ulikuwa ni wa mtu wa nyumba fulani, na nyumba nyingine zote zilizokuwa zikingoja zilipumua na kuhuzunika kwa wakati mmoja: si wetu, basi wetu yuko wapi? Nyumba iliyopata mwili wake ilifanya matanga. Nyumba isiyopata haikujua ifanye nini. Tena msiba wa Kiafrika ni kazi ya majirani. Jirani ndiye ajaye kwanza, ndiye achotaye maji, ndiye apikaye, ndiye achimbaye kaburi, na mfiwa hukaa chini asifanye kitu. Katika vijiji vya chini ya Hanang jirani naye alikuwa amefiwa. Watu walioshika nafasi yake ni askari, waganga, watu wa Msalaba Mwekundu na wageni kutoka mikoa ya mbali. Walifanya kazi yao vizuri, lakini mgeni hawezi kumwambia mfiwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na maneno hayo ndiyo nusu ya matanga.

Baada ya msiba huu, kama baada ya kila msiba wa milimani, watu walisema kwamba sababu ni ukataji wa miti. Kauli hiyo ni rahisi, na mara nyingi ni ya kweli. Kasulo yenyewe ni ushahidi. Wakimbizi wa Benaco na wa kambi za jirani walipika kwa kuni kwa zaidi ya miaka miwili, mpaka waliporudi kwao Desemba 1996, na vilima vya Ngara vilivuliwa miti mpaka mahali pa mbali sana na kambi. Kilima kisicho na miti hakiwezi kuzuia maji, wala hapana ubishi juu ya hilo. Lakini Hanang ina msitu wa hifadhi, na hata hivyo iliporomoka, ikashuka na msitu wake. Palikuwa na mwamba dhaifu, mvua isiyo ya kawaida, na mji uliokua katika njia ya makorongo. Kumlaumu mchoma mkaa kwa kila poromoko ni kumsingizia maskini kosa ambalo pengine ni la jiwe.

Na mji kukua katika njia ya maji si ujinga wa wakaao humo. Bonde ndiko ardhi ilikopatikana kwa bei wanayoiweza. Dar es Salaam ilionyesha jambo hili mwezi wa Desemba 2011, ilipopata mvua ambayo, kwa maneno ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, mfano wake haukuonekana mjini tangu mwaka 1954. Mto Msimbazi uliingia katika nyumba za Jangwani na vitongoji vya bondeni, watu zaidi ya 40 wakafa. Waliookoka walipewa viwanja Mabwepande, mbali nje ya mji. Viwanja vilikuwa halisi na nia ilikuwa njema, lakini kibarua kilikuwa Kariakoo, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula mshahara. Basi wengine walirudi bondeni, kama watu wa Rufiji walivyorudi mashambani miaka arobaini kabla. Baba kulala mjini na mama na watoto kukaa nje ya mji ni kuvunjika kwa nyumba pia, ingawa hakuna aliyekufa.

Mwaka huo wa 2023 ulikuwa mwaka mbaya kwa nchi za Maziwa Makuu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mvua iliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Siku ya pili yake, tarehe 4 Mei, mito iliyo ng'ambo ya ziwa Kivu, katika wilaya ya Kalehe nchini Kongo, ilifurika kwa pamoja. Ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio la Nyamukubi, na watu walikuwa wametoka milimani na vijiji vya jirani na mizigo yao. Mawe na tope vilifuta Nyamukubi na sehemu ya Bushushu. Miili iliyopatikana ilikuwa zaidi ya 400, na waliopotea walihesabiwa kwa maelfu. Wengi wa waliopatikana walizikwa katika makaburi ya pamoja, maana hapakuwa na wa kuwatambua, au waliokuwapo walikuwa wamo kaburini pia. Baadhi walitolewa ziwani, kama wale wa Kasensero mwaka 1994.

Swali la mtu aliyepotea halijapata mahali pake katika maandiko juu ya mafuriko, ilhali ndilo swali refu kuliko yote. Aliyekufa ana siku yake. Aliyepotea hana. Mjane wa Kiislamu hukaa eda ya miezi minne na siku kumi tangu kufa kwa mume. Lakini ambaye mume wake alichukuliwa na maji na asionekane, aanze kuhesabu siku gani? Wanazuoni wamelijadili jambo la mtu aliyetoweka tangu zamani, kwa kuwa bahari na misafara ilichukua watu wengi, na hukumu zao hazikuwa sawa. Sheria ya Kenya huruhusu mtu kuhesabiwa kuwa amekufa ikiwa miaka saba imepita bila habari zake kusikiwa na wale ambao wangezisikia. Miaka saba ni mingi kwa nyumba yenye shamba lililoandikwa jina la aliyepotea, na yenye watoto wanaotakiwa ada. Walioona maji yakimchukua wanajua kwamba amekufa, lakini serikali yangoja cheti, na cheti hungoja mwili, na mwili uko ziwani.

Kenya nayo ilipata sehemu yake. Tarehe 9 Mei 2018, saa za jioni, bwawa la Solai katika kaunti ya Nakuru lilipasuka, likaua watu zaidi ya 40, wengi wao watoto. Tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka Mai Mahiu kabla ya mapambazuko, yakaua zaidi ya 50. Kwanza ilisemwa kuwa ni bwawa la zamani lililovunjika. Baadaye wizara ya maji ilieleza kuwa ni mfereji uliopita chini ya tuta la reli, ulioziba kwa takataka na magogo, maji yakajikusanya nyuma yake mpaka tuta likashindwa. Hapa mvua ilikuwa na msaidizi. Mtu alijenga tuta, na hakuna aliyezibua mfereji. Jamaa iliyofiwa kwa mlima hukaa na swali la Mungu. Jamaa iliyofiwa kwa mfereji hukaa na swali la mwanadamu, na hilo huleta uchungu wa namna nyingine, kwa sababu lina mtu wa kulijibu na aghalabu hajibu.

Mwezi huo huo wa Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge la Tanzania kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155, na kwamba kaya zaidi ya 51,000 zilikuwa zimeathirika. Katika maneno hayo kuna jambo la kutazamwa. Watu walihesabiwa, na kaya zilihesabiwa, lakini mbali mbali. Haikutolewa hesabu ya nyumba ngapi zilipoteza mtu mmoja na ngapi zilipoteza wanne. Ngapi zilibaki na mtoto peke yake, na ngapi zilikwisha kabisa hata hapakubaki wa kuorodheshwa katika zile 51,000. Nyumba iliyokwisha yote haiathiriki. Haiji kuomba blanketi, haina malalamiko, haihitaji kiwanja. Katika daftari hupungua, na kupungua kwake hupunguza gharama.

Kwa waliobaki Hanang ilijengwa mitaa mipya. Mahali paitwapo Waret, mbali na njia ya makorongo, zilijengwa nyumba 109 za tofali na bati, nyingine na serikali na nyingine na Msalaba Mwekundu, zikakabidhiwa Desemba 2024, mwaka mmoja baada ya msiba. Ni nyumba imara kuliko nyingi za zile zilizofukiwa. Kila moja ilipewa jamaa moja, na jamaa nyingine ziliingia zikiwa zimebadilika: bibi na wajukuu, kaka mkubwa na wadogo zake, mjane na watoto wa marehemu shemeji yake. Vyumba ni vya idadi moja kwa wote. Mlima waonekana kutoka uwandani siku isiyo na wingu, na juu yake kovu jeupe mahali ulipokatika.

Huko Kasulo watu waliporudi Rwanda, Wahangaza na Washubi walianza kupanda miti upya kwa msaada wa mashirika, na migomba ilirudi katika miteremko iliyokuwa mahema. Mto hupita Rusumo kama zamani, na siku hizi maji yake hupitishwa pia katika mitambo ya umeme iliyojengwa na Tanzania, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Kila Aprili jamaa za Wanyarwanda huvuka mpaka wa Uganda kwenda Ggolo, Lambu na Kasensero. Hawajui nani amelala wapi, basi huweka maua juu ya kaburi zima.